Nasaba ya Panya na Insafu ya Mtafiti

Katika mazungumzo yetu ya leo nakusudia kuwaletea habari za kiumbe ambaye aghalabu hatumtaji ila kwa kumlaani, naye ni panya. Na pamoja naye habari za mtu mmoja wa ilimu, Mwingereza, aitwaye Michael Festing, ambaye aliutumia umri wake wa kazi kuwachunguza panya wa maabara, nasaba zao, na namna wanavyotumiwa na watafiti, hata akaisimamisha hoja ambayo kwa maoni yangu yafaa ijulikane na kila mtu anayejali ilimu na anayejali uadilifu: kwamba kumhurumia mnyama na kuitafuta kweli si mambo mawili yavutanayo, bali ni jambo moja, na kwamba mtafiti amtumiaye mnyama ovyo humdhulumu mnyama na huidhulumu ilimu kwa wakati mmoja.

Huenda msikilizaji akauliza, sisi na panya wa maabara tuna nini? Tuna mengi. Dawa tunazomeza tukiugua na chanjo wanazodungwa watoto wetu wangali wachanga, aghalabu zilijaribiwa kwanza katika miili ya wanyama kabla ya kuruhusiwa kuingia katika miili yetu. Na mnyama yule hakuombwa ridhaa, wala hakupata fungu lolote katika siha tuliyoipata sisi. Basi maadamu tunakiri kwamba tumefaidika, hatuna budi kukiri kwamba tunadaiwa. Wazee wetu wa pwani walilelewa katika mafunzo ya dini yasimuliayo habari za mwanamke aliyestahili adhabu kwa ajili ya paka, kwa kuwa alimfungia ndani asimlishe, wala asimwachie atoke akajitafutie riziki yake. Na la kuzingatia hapo ni kwamba lawama haikuwa juu ya kuwa na paka, bali ilikuwa juu ya kumfunga kiumbe kisha kuiacha haki ambayo kufunga kule kulikwisha kuifanya wajibu. Mnyama wa maabara ni mfungwa wa namna hiyo hiyo. Hawezi kujitafutia chakula, hawezi kukimbia, hawezi kujificha. Na kila alichonyimwa kimekuwa dhamana juu ya shingo ya yule aliyemfunga.

Nchini Uingereza sheria ya kwanza ya kuyasimamia majaribio juu ya wanyama hai ilitungwa mwaka 1876, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu waligawanyika mafungu mawili yasiyosikilizana: hawa wakitaka majaribio yote yapigwe marufuku, na wale wakidai kwamba mtaalamu aachwe afanye aonavyo, na kwamba huruma ni udhaifu usiofaa kuingia katika maabara. Mtu aliyejitahidi kusimama baina ya mafungu hayo ni Charles Hume, ambaye mwaka 1926 alianzisha katika Chuo Kikuu cha London chama cha ustawi wa wanyama, nacho mwaka 1938 kikapanuka kikawa shirikisho la vyuo vikuu lijulikanalo hata leo kwa herufi zake, UFAW. Imani ya Hume ilikuwa kwamba hali za wanyama hazitatengenezwa kwa kelele peke yake, bali kwa kuzichunguza kwa utulivu ule ule ambao mtu wa ilimu huchunguza jambo lolote jingine. Na kwa imani hiyo, mwaka 1954, shirikisho lake likawaajiri vijana wawili, William Russell aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama, na Rex Burch aliyekuwa mtaalamu wa vijidudu, wazunguke maabara za nchi ile wachungue namna wanyama wanavyotumiwa. Matunda ya kazi yao ni kitabu kilichotolewa mwaka 1959, ambacho kiliweka kanuni tatu zilizokuja kuwa msingi wa sheria na taratibu katika nchi nyingi za dunia. Ya kwanza ni kuweka badala ya mnyama mwenye hisia kitu kingine kisichohisi, kila iwezekanapo. Ya pili ni kupunguza idadi ya wanyama wanaotumiwa pasipo kupunguza maarifa yanayopatikana. Na ya tatu ni kuzirekebisha njia za kazi ili maumivu na khofu ya mnyama viwe haba kadiri ya uwezo.

Kati ya hizo tatu, kanuni ya pili yaonekana nyepesi kwa anayeisikia mara ya kwanza, walakini ndani yake mna mtihani mkubwa. Mtafiti akitumia wanyama wachache mno, atashindwa kutambua kama dawa yake imefanya kazi au haikufanya, na hao wachache watakuwa wamekufa bure. Akitumia wengi mno, jawabu lilikwisha kupatikana kabla ya wale wa ziada, na hao wa ziada nao watakuwa wamekufa bure. Haitoshi basi kusema kwa moyo mwema kwamba wanyama wapungue. Yapasa kujua wapungue mpaka wapi, na kwa hila gani ya ilimu hao wachache waliobakia watoe ushahidi ambao zamani ulitolewa na wengi. Hapo ndipo huruma inapolazimika kubisha hodi katika mlango wa elimu ya urithi na katika mlango wa takwimu, na hapo ndipo Festing alipofanya kazi yake.

Ili tuifahamu kazi hiyo, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1909, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, kijana mmoja mwanafunzi, Clarence Cook Little, alianza kuwapandisha panya kaka na dada, kizazi baada ya kizazi, pasipo kuingiza damu ya nje, ingawa wengi waliona kwamba ukoo wa namna hiyo utadhoofika na kukatika. Haukukatika. Panya waliotokana na kazi hiyo ndio nasaba iitwayo DBA, iliyo kongwe kuliko nasaba zote safi za panya wadogo. Kanuni iliyokubaliwa na wataalamu ni kwamba kundi haliitwi nasaba safi mpaka ndugu wapandishwe kwa ndugu si chini ya vizazi 20. Kwa maana kufikia hapo wanyama wote wa kundi hilo wamelingana katika urithi kadiri walinganavyo pacha waliotoka katika yai moja, hata ukikata kipande cha ngozi ya mmoja ukakipandikiza kwa mwenzake wa jinsia moja naye, mwili hukipokea kama ngozi yake mwenyewe. Mwaka 1929 Little akaasisi maabara ya Jackson katika mji wa Bar Harbor, katika jimbo la Maine, na huko nasaba safi zikatunzwa na kugawiwa watafiti wa mahali pengi. Mwaka 1947 moto mkubwa uliiteketeza maabara hiyo pamoja na wingi wa panya wake, na kilichoiokoa ni kwamba watafiti waliokwisha kupewa panya zamani walirudisha wazao wa panya wale wale, nasaba zikaendelea. Na katika maabara hiyo hiyo George Snell, kwa kupandikiza tishu baina ya nasaba safi, alizigundua jeni zinazoufanya mwili ukubali au ukatae kiungo cha mwingine, jambo lililompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1980, na ambalo faida yake humfikia leo kila mgonjwa apandikizwaye figo.

Hata hivyo si panya wote wa maabara walio wa nasaba safi. Mwaka 1926 mtaalamu Clara Lynch alichukua kutoka Lausanne nchini Uswisi panya weupe tisa tu, madume wawili na majike saba, akawapeleka New York katika taasisi ya Rockefeller; na kutokana na hao tisa wametoka makundi makubwa ya panya waitwao wa Kiswisi, wanaozalishwa pasipo kufuata utaratibu wa kaka na dada, wakauzwa kwa wingi kwa sababu wana afya, wana uzazi mwingi, na bei yao ni nafuu. Panya wa namna hii kila mmoja ana urithi wake, na mnunuzi hajui urithi huo ni upi. Tena makundi mawili yenye jina moja yakikaa mbali kwa miaka mingi hutengana katika tabia zao za asili, jina likabaki moja ilhali wanyama si wale wale.

Festing aliingia katika habari hizi kupitia kituo cha wanyama wa maabara cha Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kilichokuwa Carshalton, kusini mwa London. Asili ya kituo hicho ni ofisi iliyofunguliwa mwaka 1947, wakati ambapo watafiti walinunua wanyama kwa wachuuzi wa kila namna, wengi wao wagonjwa na wasiojulikana walikotoka, ikawa haja kubwa ni kuwatengenezea wafugaji daraja na masharti. Kazi ya Festing ilikuwa ya urithi wa wanyama hao, na swali lake la kwanza lilikuwa la uaminifu: mtu aliyeuziwa panya kwa jina la nasaba fulani atajuaje kwamba ndiye kweli? Mwaka 1972 alitangaza njia ya kulijibu swali hilo kwa kupima mfupa wa taya la chini. Aliona kwamba umbo la taya hurithiwa, na kwamba vipimo kadhaa vya mfupa ule, vikichanganywa kwa hesabu, huweza kuitofautisha nasaba na nasaba. Hata panya akiwa mweusi sawa na mwenziwe, na macho ya mtazamaji yasione tofauti, mfupa husema. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kuisoma DNA yenyewe, lakini haja ni ile ile, na haikuwa haja ya kufikirika tu. Maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilibainika kwamba panya waliouzwa na mfugaji mmoja mkubwa nchini Marekani kwa jina la nasaba ya BALB/c hawakuwa safi, na watafiti waliowatumia wakajikuta wamejenga juu ya msingi usiokuwapo. Mtu na afikiri wanyama wangapi hupotea katika kosa la namna hiyo.

Pamoja na hayo Festing aliifanya kazi nyingine isiyo na sifa machoni pa watu, nayo ni kuandika daftari. Aliikusanya orodha ya nasaba safi za panya wadogo na wakubwa, kila moja asili yake, rangi yake, maradhi inayoelekea kuyapata, na dawa zinazoiathiri upesi au polepole, na mwaka 1979 akatoa kitabu kamili juu ya matumizi ya nasaba hizo katika utafiti wa tiba. Mwaka 2000 alikuwa miongoni mwa walioichora shajara ya nasaba za panya wadogo zilizokwisha kuelezwa, nazo zilizidi 450. Mimi naihesabu kazi hii kuwa ni ya ustawi wa wanyama kama kazi yoyote ya kuwatengenezea vizimba vizuri. Kwa sababu mtafiti anayejua kabla ya kuanza kwamba nasaba fulani haiugui maradhi anayoyachungua hatawaua wanyama wa nasaba hiyo ili kugundua lililokwisha kuandikwa.

Baadaye alihamia katika taasisi ya baraza lile lile inayochunguza sumu, ambayo makao yake yalikuja kuwa Leicester, na huko akakutana na mjadala uliomshughulisha mpaka mwisho. Wachunguzi wa sumu, ambao kazi yao ni kuthibitisha kwamba dawa mpya haidhuru kabla haijamfikia mgonjwa, walikuwa wamezoea kutumia panya wa nasaba mchanganyiko, na hujja yao ilisikika kuwa nzuri: wanadamu hawafanani, kwa hiyo na wanyama wa kupimia nao wasifanane. Festing aliikataa hujja hiyo kwa dalili zilizo wazi. Dawa ikiwa na madhara madogo, alama yake ni kama sauti ya mtu anenaye taratibu. Ukiitegea sikio sokoni saa ya vurugu huisikii, na si kwa sababu hakunena. Tofauti za urithi zilizotapakaa ovyo baina ya mnyama na mnyama ndizo hiyo vurugu. Anayetaka wanyama wasiofanana, alisema Festing, na achukue nasaba safi kadhaa zilizo mbalimbali, atie wanyama wachache wa kila nasaba katika kila kundi, na hapo atapata tofauti anayoitaka, ikiwa imepangwa na kujulikana, pasipo kuongeza hata mnyama mmoja juu ya jumla ya wale aliokusudia kuwatumia.

Hoja hiyo hakuiacha iwe maneno matupu. Mwaka 2001 yeye na wenzake wawili walitangaza matokeo ya jaribio la dawa ya kloramfeniko, ambayo watu wengi wa nchi zetu waliijua zamani katika tiba ya homa ya matumbo, na ambayo huweza kuudhuru uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Walichukua panya wa nasaba safi nne, pamoja na panya wa mchanganyiko wa kundi liitwalo CD-1, wakawapa dawa kwa vipimo vinavyopanda, kisha wakapima damu zao. Ikaonekana kwamba nasaba hazikuathirika sawasawa, na kwamba nasaba safi nne kwa pamoja ziliweza kuyafichua baadhi ya madhara pale ambapo panya wa mchanganyiko hawakutoa ushahidi ulio wazi. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1999, watafiti wa Marekani walikuwa wameonyesha kwamba panya wa CD-1 walistahimili homoni ya kike ya estrojeni kwa zaidi ya mara 16 kuliko panya wa nasaba nyingine walizozilinganisha nao. Basi aliyekipima kitu kinachofanana na homoni hiyo katika panya wa CD-1 peke yao, akaona hawakudhurika, akatangaza kwamba ni salama, huenda alikuwa amempima mnyama aliye mgumu wa kudhurika, wala si kile kitu. Hatari yake haiishii kwa panya, humfikia mwanadamu.

Insafu yanitaka niseme kwamba wako wataalamu wakubwa walioitazama nasaba safi kwa jicho la tahadhari. Anne McLaren na Donald Michie, ambao majina yao ni makubwa katika elimu ya urithi ya Uingereza, walitangaza mwaka 1954 kwamba panya wa nasaba safi, kwa udhaifu unaoletwa na kuzaana ndugu kwa ndugu, huweza kuyumbishwa na mambo madogo ya mazingira, na kwamba watoto wa kizazi cha kwanza waliozaliwa na nasaba mbili safi huitikia dawa kwa kulingana zaidi, ijapokuwa nao urithi wao ni mmoja. Hoja hiyo haikuubomoa msingi, bali iliuongezea: ama nasaba safi, ama wazao wa nasaba mbili safi, neno la msingi ni kwamba mtafiti ajue mnyama wake ni nani.

Kuna jambo jingine ambalo Festing alilishikilia maisha yake yote, nalo ni mpango wa jaribio. Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, alikwisha kuwafundisha wakulima wa kitaalamu namna ya kuligawa shamba vipande vipande na kupima mambo kadhaa kwa pamoja, na kitabu chake juu ya mpango wa majaribio kilitoka mwaka 1935. Lakini watafiti wa wanyama, ambao mali yao ni uhai na si mahindi, walichelewa kuupokea ujuzi huo. Festing aliuchukua akaueleza kwa lugha ambayo mtu asiye mtakwimu aweza kuifuata. Miongoni mwa aliyoyaeneza ni kanuni nyepesi aliyoipata katika maandishi ya mtakwimu Roger Mead: chukua jumla ya wanyama wote wa jaribio, toa idadi ya makundi, na kinachobaki kiwe baina ya 10 na 20. Mathalan, mtu mwenye makundi manne ya panya watano watano ana wanyama 20. Akitoa makundi 4 hubaki 16, na hiyo ni kadiri njema. Mwenye makundi manne ya panya ishirini ishirini ana wanyama 80. Akitoa 4 hubaki 76, na hapo ajiulize kwa dhati ni faida gani anayoitafuta kwa wanyama wote wale wa ziada. Kanuni hii haifai kila mahali, na yeye mwenyewe hakudai hivyo. Lakini humzuia mtu asihesabu wanyama kwa mazoea ya mwalimu wake au kwa wingi wa vizimba alivyonavyo.

Na mpango si idadi peke yake. Wanyama wagawiwe makundi kwa kura, ili mtafiti asiwatie wazima upande wa dawa anayoitakia mafanikio hali yeye mwenyewe hajitambui. Na mwenye kupima matokeo asijue ni mnyama yupi aliyepewa dawa na yupi aliyepewa maji, ili macho yake yasione analolitamani. Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Carol Kilkenny, Festing akiwa miongoni mwao, walitangaza uchunguzi wao juu ya maandiko 271 ya utafiti wa wanyama yaliyotoka katika taasisi za Uingereza na Marekani. Asilimia 87 ya maandiko hayo hayakutaja kwamba wanyama waligawanywa kwa kura, na asilimia 86 hayakutaja kwamba mpimaji alifichwa. Na ni asilimia 59 tu yaliyoeleza pamoja madhumuni ya utafiti, idadi ya wanyama na sifa zao. Haya, wasikilizaji, ni maandiko ya watu wenye elimu kubwa na fedha nyingi. Hesabu hizo zilipotoka zilitikisa nyoyo, na mwaka uliofuata, 2010, ikatolewa miongozo iitwayo ARRIVE, iliyomtaka mwandishi wa utafiti wa wanyama aeleze bayana mambo ishirini, na majarida mengi yakaipokea.

Mtu asidhani kwamba ustawi wa mnyama ni hesabu tupu. Hali ya moyo wake nayo huingia katika matokeo. Mwaka 2010 Jane Hurst na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya anyanyuliwaye kwa mkia, kama ilivyokuwa desturi katika maabara nyingi, hujaa khofu, ilhali yule anyanyuliwaye ndani ya kibomba, au kwa viganja vilivyokunjuliwa, hutulia na kumsogelea mtu kwa hiari yake. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba panya wa kunyanyuliwa kwa mkia huharibikiwa hata katika majaribio ya kupima akili, kwa kuwa hawathubutu kutembea wakaangalie kilichowekwa mbele yao. Kibomba hicho thamani yake ni ndogo mno. Na hapa tena yule aliyemtendea mnyama wema ndiye aliyepata jawabu la kweli.

Nakubali kwamba kazi hii yote haijamaliza mzozo. Katika hesabu za serikali ya Uingereza, majaribio juu ya wanyama yalizidi milioni 5 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakashuka chini ya milioni 3 karne ilipokuwa ikimalizika, kisha yakapanda tena mpaka kupita milioni 4 mwaka 2013, na sababu kubwa ya kupanda huko ni panya waliobadilishwa jeni, ambao kuzaliwa kwao tu huhesabiwa. Elimu ile ile ya urithi iliyotufundisha kupunguza imetufungulia pia mlango wa kuongeza, na hapana kanuni ya hesabu itakayotuambia tuufunge lini. Hilo ni la dhamiri na la sheria. Wako pia wanaosema kwamba mwanadamu hana haki kabisa ya kumtumia mnyama katika majaribio, na maneno yao si ya kupuuzwa, kwani ndio waliotuweka macho. Lakini kwa muda ambao majaribio hayo yangali yakifanywa, na yafanywa kila siku, mnyama aliyemo kizimbani leo hawezi kungojea mjadala umalizike. Yeye ana haki ya kutoteswa bure na kutouawa bure sasa hivi.

Nasi wa Afrika ya Mashariki hatumo nje ya habari hii. Katika Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa, na dunia imeona kwamba mnyama tuliyemdharau aweza kuwa msaidizi wetu pasipo kumwagwa damu yake. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo inayaweka majaribio chini ya leseni. Na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo nayo inayagusa majaribio hayo. Sheria tunazo. Lililo juu yetu ni kuzitia roho, na roho hiyo haipatikani ila katika darasa: mwanafunzi wa utabibu, wa mifugo na wa elimu ya viumbe afundishwe takwimu na urithi kabla hajakabidhiwa mnyama hai, wala asingoje mpaka amekwisha kumuua ndipo aende kwa mtakwimu kumuuliza idadi ile ilitosha au haikutosha.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa vyuo vyetu, na wajumbe wa kamati zinazopitisha utafiti, kila waletewapo ombi la kutumia wanyama, wamwulize mwombaji maswali manne pasipo haya: Je, jawabu hili haliwezi kupatikana pasipo mnyama? Mnyama huyu ni wa nasaba gani, nawe umejuaje? Kwa hesabu gani umeifikia idadi hii? Na utawagawaje, na nani atakayewapima bila kujua? Akiyajibu, apewe ruhusa kwa heshima. Akishindwa, arudishwe akajifunze, hata kama ni mtu wa cheo kikubwa. Kwani utafiti ulioharibika tangu mpango wake haumwokoi mgonjwa hata mmoja, na mnyama aliyekufa ndani yake amedhulumiwa.